Kutunga

Agosti, Wadi Adai. Kiyoyozi kinakohoa,
na mlima ulio nyuma ya nyumba unarudisha joto la mchana
baisa kwa baisa, kama mdeni mwaminifu.
Shangazi Shinuna ametia miguu kwenye beseni la maji,
kofia ipo gotini, nusu imeshonwa, nusu bado penseli.
Kazi yangu ni moja: kumtungia sindano.
Macho yake hayalioni tena tundu la sindano,
lakini yanayaona matundu ambayo hayajatobolewa.

Amekuja bwana wa turathi, Mundhir,
mkunjo wa kanzu yake ungeweza kukata tikiti.
Kaweka kinasa sauti ubavuni mwa sahani ya halua:
"Mama, kipaji hiki kimetoka wapi?"
Shangazi akajifuta uso kwa upindo wa leso.
"Kipaji changu hiki hapa. Kinatoka jasho."

Mundhir akacheka, akajaribu mlango mwingine.
"Kwetu Bahla wangesema una jini."
"Jini gani akae anitobolee viua mia nane
kwa ujira wa kahawa? Jini hana subira, mwanangu.
Jini hujenga kasri usiku mmoja,
na alfajiri hata kokoto huioni."

"Basi ni damu. Ulirithi."
"Tulikuwa wanne, mkeka mmoja, taa moja ya chemni,
Malindi ya Unguja, mama mmoja anatupiga vidole.
Salma alishona kofia zilizonyooka kama gwaride.
Watu walizinunua, wakazivaa, wakazisahau vichwani.
Damu ile ile."
Mundhir aliandika damu, kisha akaikata.

Mimi nimejaribu. Sitaficha.
Nililaza kofia yake chini ya karatasi ya mafuta,
nikanakili kila ua, nikahesabu viua:
mia nane na kumi na viwili. Hakikupungua hata kimoja.
Ikakaa mezani kama maiti aliyeoshwa vizuri.
Shangazi akaigeuza, akaipuliza kwa ndani, akanirudishia:
"Umeshona uzi. Hukushona tundu."

Usiku, mgeni keshaondoka na kinasa chake,
akaniambia habari ya lile ua la upande wa sikio la kushoto,
lile lililowapa wenzake mgongo.
"Simu ililia kutoka Unguja. Salma kafa.
Niliibana simu kwa bega, mkono ukaendelea kushona;
sikuuambia uendelee, sikuuambia uache.
Asubuhi nikakuta ua limegeuka.
Nikachukua wembe nilifumue,
nikaona maua mengine yote sasa yanalitazama."

Nikasema: kumbe ni msiba.

"Usiniletee msiba. Nyumba gani haina msiba?
Kofia zao ziko wapi?
Na nimelishona tena, kusudi, mwaka hadi mwaka.
Linageuka, ndiyo.
Hakuna anayelitazama."

Sikulala. Neno lenyewe lilinikalia kooni:
tunatunga sindano, tunatunga shairi,
mimba hutunga, jipu nalo hutunga usaha,
kitenzi kimoja, na lugha haikuona haya.
Mimba hutunga yenyewe, shairi hulitunga mtu,
au ndivyo tulivyofundishwa sarufi.
Mlima nje ulikuwa umekwisha kulipa deni,
na kiyoyozi, kwa mara ya kwanza, kimya.

Alfajiri ananiita, kabla ya chai, sindano mkononi.
Naulamba uzi, nauchongoa kwa midomo.
Nakosa. Nakosa.
Nabadili mkono, nakosa.
Mara ya nne umepita,
na ukiniuliza safari hii nilifanya nini
ambacho sikukifanya zile tatu,
sijui, wallahi sijui.

"Umelala?" anasema Shangazi. "Lete."